Miwani ya VR na bustani zetu: maswali tunayoulizwa sana Uganda

Nafundisha Kiswahili Entebbe. Jumamosi nyingi mimi na wenzangu wawili hubeba jozi nne za miwani ya uhalisia pepe (VR), tukapita mashuleni, kambini na kwenye mikutano ya vijiji, ili watu waone mbuga na bustani ambazo hawajawahi kuzifikia. Maswali ni yale yale karibu kila mahali, nikaona heri niyaandikie majibu mara moja.

Uhalisia pepe ni kitu gani?

Ni mandhari inayotengenezwa na kompyuta au kamera, ambayo unaingia ndani yake badala ya kuitazama kwa mbali. Unavaa miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili. Ndani yake kila jicho lina picha yake, zikitofautiana kidogo sana, na ubongo unaziunganisha ukaona kina, kama unavyoona mti ulio karibu na kilima kilicho nyuma yake. Ukigeuza kichwa, picha inageuka nawe. Ukiangalia juu, unaona anga.

Wengi hudhani ni kitu cha juzi. Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kwenye dari. Miwani ya leo ina uzito wa karibu nusu kilo.

Tofauti yake na video ninayoona kwenye simu ni ipi?

Kuna aina mbili, na ni vizuri kuzitenganisha kabla hujatoa pesa. Ya kwanza ni video ya nyuzi 360: kamera yenye lenzi zaidi ya moja inasimamishwa mahali, inarekodi pande zote kwa wakati mmoja, nawe unaamua uangalie wapi. Ila unabaki pale pale kamera iliposimama. Ya pili ni mandhari iliyojengwa upya, kwa kupiga mamia au maelfu ya picha au kupima kwa leza, mpaka kompyuta ipate umbo kamili la mahali. Humo unaweza kutembea, kuinama, kuzunguka nyuma ya mti. Ya kwanza kijana yeyote mwenye kamera ataiweza. Ya pili inadai ujuzi, muda na kompyuta yenye nguvu.

Sasa kama naweza kuona bustani kwenye miwani, bustani yenyewe ya nini?

Hili ndilo swali ninaloogopa zaidi kulisikia kutoka kwa kiongozi, kwa sababu jibu baya linaweza kutugharimu ardhi. Nitalijibu kwa kisa.

Siku moja tulikuwa Kasese. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, kilemba kichwani, mkongojo umeegemezwa ukutani. Maisha yake yote, asubuhi mawingu yakifunguka, ameiona theluji ya milima ya Rwenzori ikimeta kwa mbali. Wakonzo huiita Nzururu, na ufalme wao, Rwenzururu, umebeba jina hilo. Lakini kuifikia ni safari ya siku kadhaa kwa miguu, kwenye matope na miamba, na bibi hakuwahi kwenda. Tulikuwa na picha za nyuzi 360 tulizopewa na mpanda mlima mmoja, zimepigwa kwenye barafu chini ya kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Tukamvalisha miwani polepole, tukilegeza mkanda ili kilemba kisivuke.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewa mbele yake, vidole vikitafuta kitu. "Mwanangu," akaniambia, "mbona haina baridi?"

Miwani inateka macho na masikio. Ngozi, pua na miguu inaviacha vilipokuwa. Haikupi harufu ya ardhi baada ya mvua, haikupi kivuli saa saba mchana, wala mtoto wako hawezi kupanda mti wa ndani ya miwani akaanguka akajifunza. Bustani ya mjini hunyonya maji ya mvua yasiingie nyumbani kwa watu, hupunguza joto la lami, na ni mahali ambapo mtu asiye na shilingi mfukoni anaweza kukaa bila kufukuzwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoingia kwenye programu. Yeyote atakayekuambia tutoe uwanja wa watoto kwa mwekezaji kisha tuwape watoto miwani, mkatalie waziwazi.

Watalii hawataacha kuja, wakishaona gorila wetu kwa miwani?

Filamu za wanyama zimeonyeshwa kwenye televisheni za dunia kwa miongo mingi, picha safi kabisa, na bado wageni hulipa dola 800 kwa kibali kimoja cha kukaa na gorila saa moja katika msitu wa Bwindi. Mtu aliyeona vizuri kwa mbali ndiye hutamani kufika. Mwaka 2016, Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ilipotimiza miaka 100, Google ilitoa safari za nyuzi 360 ndani ya hifadhi tano za nchi hiyo, zikiwemo volkano za Hawaii na mapango ya Carlsbad. Ililenga kuwavutia watu waende.

Sisi tuna sababu ya ziada ya kulilinda pato hilo: kwa sheria, asilimia 20 ya ada za milangoni mwa mbuga hurudi kwa jamii zinazopakana nazo. Kwa fedha hizo zahanati na madarasa kadhaa yamejengwa. Kwa hiyo mtu akitengeneza safari ya miwani ya Bwindi na kuiuza Ulaya, ni haki kumuuliza kama naye atatoa fungu.

Ni nani hasa anayefaidika?

Wa kwanza ni watoto wanaoishi jirani na mbuga. Ajabu hii watu hawaifikirii: kanuni inataka anayekwenda kuwaona gorila awe na miaka 15 au zaidi. Mtoto wa Kanungu au Kisoro anasikia habari zao tangu kuzaliwa, mahindi ya babake labda yameliwa na wanyama wa msituni, lakini hawezi kuwaona. Kanuni yenyewe ni ya busara. Gorila wamefanana nasi kwa zaidi ya asilimia 98 ya vinasaba, hivyo mafua yetu huwapata na yanaweza kuwaua. Ndiyo maana kundi la wageni halizidi wanane, na tangu korona umbali ni mita 10 na barakoa usoni. Miwani haiambukizi gorila mafua. Darasa zima la watoto 60 linaweza kupokezana, na hakuna mnyama atakayesumbuliwa.

Wa pili ni wazee na watu wenye ulemavu. Njia za Bwindi ni za kupanda na kuteleza, na hakuna kiti cha magurudumu kitakachopita.

Wa tatu ni wagonjwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Pennsylvania: wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo na kulazwa penye dirisha lenye kuona miti walitoka hospitali mapema na kutumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Lile lilikuwa dirisha la kweli na miti ya kweli, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba miwani hufanya vivyo hivyo. Lakini nimemwona mama aliyekuwa wodini majuma mengi akiangalia mto Naili ukishuka maporomoko ya Murchison, na mabega yake yakashuka nao. Dakika kumi tu. Hospitali ikiwa na nafasi ya kupanda miti nje ya dirisha, ipande miti kwanza.

Je, inaweza kuhifadhi vitu vinavyopotea?

Ndiyo, na hapa Uganda tayari tuna ushahidi unaouma. Mwaka 2009 shirika la CyArk lilipima kwa leza makaburi ya Kasubi, walipozikwa Kabaka Mutesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Mutesa II. Tarehe 16 Machi 2010 moto ukaiteketeza nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga. Vipimo vilichukuliwa mwaka mmoja tu kabla. Paa la nyasi liliungua, umbo lake likabaki kwenye kumbukumbu za kompyuta. Nyumba imejengwa tena kwa mikono ya mafundi wanaojua kazi ya kuezeka iliyorithiwa ukoo kwa ukoo, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Sasa fikiria barafu ya Rwenzori. Msafara wa Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, ulipoipima mwaka 1906 ilikuwa kama kilomita za mraba 7. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki karibu kilomita moja ya mraba. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu zote zilizobaki Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050. Wajukuu wa yule bibi wa Kasese hawataiona mlimani. Tukiipima vizuri sasa, mwaka hadi mwaka, wataona ilikuwaje na ilikwendaje. Hiyo ni kazi ya haraka, na ningependa ifanywe na vijana wa Kasese wenyewe.

Kampala haina nafasi. VR itatusaidiaje mjini?

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na ndipo panapozungumzwa kidogo.

Mipango ya jiji huletwa kwa watu ikiwa ramani. Mwananchi wa kawaida hasomi ramani ya mhandisi: mistari, rangi, namba. Anaitikia kwa kichwa, anasaini karatasi ya mahudhurio, anarudi nyumbani. Anagundua kilichokubaliwa siku tingatinga linapofika. Mwaka 2007, kulipokuwa na mpango wa kutoa karibu hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa, yaani takriban robo ya msitu, watu walielewa kwa sababu Mabira wanaijua: wanapita katikati yake kwenda Jinja, wananunua kuku wa kuchoma pale Namawojjolo. Waliandamana, wengine wakapoteza maisha. Lakini kipande cha kijani kisicho na jina, nyuma ya soko la mtaani, nani atakitetea kama hawezi kuona kitakavyokuwa baada ya kuondolewa?

Mvalishe mama muuza ndizi miwani. Mwoneshe mahali pale pale anaposimama, kwanza kama palivyo leo, kisha na jengo, kisha na bustani. Atakwambia mambo ambayo mhandisi hakuyawaza: hapa maji ya mvua yatasimama, pale hakuna taa na wasichana hupita usiku, hapa bodaboda wataegesha mtake msitake. UN-Habitat, yenye makao makuu jirani zetu Nairobi, ilianza mwaka 2012 mradi wa Block by Block, ambapo wakazi wa mitaa hujenga viwanja na bustani zao ndani ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft kabla havijajengwa chini. Vijana ambao hawajawahi kushika penseli ya msanifu huonesha wanachotaka. Miwani ni hatua moja mbele ya hapo.

Ila jihadhari. Picha nzuri hudanganya kwa urahisi. Wasanifu wengi huweka miti mikubwa kwenye michoro yao, majani yamefunika, watoto wanacheza chini. Muulize: huu ni mti gani, na una umri gani? Musizi hukua haraka, mvule utakufanya usubiri miongo. Ukioneshwa bustani kwenye miwani, dai uoneshwe pia mwaka wa kwanza, miche ikiwa inafika kiunoni na jua linachoma. Dai kiangazi. Dai masika. Dai hata makaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, juu ya miti na kinyesi chao kwenye viti, maana Kampala bila makaloli si Kampala. Asiyeweza kukuonesha hayo anakuuzia ndoto.

Nikiwa tayari ndani ya bustani, nahitaji miwani ya nini?

Huihitaji. Vua miwani, angalia miti. Kinachoweza kukusaidia ukiwa pale ni uhalisia ulioongezewa, ambao hufanya kazi kwa simu ya kawaida: unaelekeza kamera kwenye mti na maelezo yanatokea juu ya picha. Mchezo wa Pokémon Go wa mwaka 2016 uliwatoa mamilioni ya watu ndani ya nyumba zao kwa mbinu hiyo. Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 ukingoni mwa ziwa, ingefaa sana: miti kutoka nchi nyingi, na vibao vingi havisomeki tena. Mtoto aelekeze simu kwenye mutuba, aone namna ganda lake linavyobanduliwa na kupondwa likawa nguo.

Nani anamiliki picha za msitu na za watu?

Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991, Wabatwa waliondolewa msituni walimoishi kwa vizazi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilitambua kwamba walinyimwa haki. Leo mtu anaweza kwenda na kamera, akamrekodi mzee wa Kibatwa akionesha namna ya kurina asali na kuwasha moto, akaondoka nayo. Msitu ulitwaliwa mara moja, na kumbukumbu yake inaweza kutwaliwa mara ya pili.

Sisi tuna kanuni tatu. Mzee anaiona video yake kwenye miwani kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema futa, tunafuta mbele yake. Jamii inabaki na nakala. Pesa ikiingia, mgawo umeandikwa tangu mwanzo kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inadai ridhaa ya mtu, lakini alama ya dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza siiiti ridhaa.

Majangili hawatatumia picha hizi?

Wanaweza. Faru wa mwisho wa porini hapa Uganda aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa waliopo leo wanatokana na kazi iliyoanza katika hifadhi ya faru iitwayo Ziwa, Nakasongola, mwaka 2005. Basi usirekodi njia za doria, futa viwianishi, yaani namba zinazoonesha mahali, kwenye faili, na usitoe video siku ile ile uliyoipiga. Waoneshe maranja, yaani askari wa wanyamapori, kwanza. Wao huona vitu kwenye picha ambavyo wewe huvioni.

Mbona nilipata kizunguzungu?

Macho yanaambia ubongo kwamba unasogea, sikio la ndani linasema umekaa. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Hutokea zaidi kamera inapotembea, kama video iliyopigwa juu ya gari katika mbuga ya Kidepo. Chagua video ambazo kamera imesimama, keti kwenye kiti, dakika tano za mwanzo zinatosha. Ukianza kutokwa jasho jembamba, vua mara moja, usijikaze.

Watoto wa umri gani waruhusiwe?

Kampuni ya Meta, inayotengeneza miwani ya Quest, inasema miaka 10 kwenda juu, na walio chini ya 13 kwa idhini ya mzazi. Sisi hatushuki chini ya hapo, na hatuzidishi dakika kumi.

Usafi ni jambo la lazima. Wakati wa macho mekundu mwaka 2024 tulifungia miwani kabatini kwa majuma kadhaa. Sasa kila anayevua, tunafuta sifongo na sehemu ya pua kwa dawa, tunabadilisha kitambaa cha uso, tunasubiri pakauke. Lenzi hufutwa kwa kitambaa kikavu tu, spiriti huziharibu. Mikanda nayo haikutengenezwa na mtu aliyewaza nywele zetu. Kwa mwenye rasta au hijabu, legeza mkanda wa juu kabisa, ashike miwani kwa mikono miwili.

Umeme na bando je?

Pakia kila kitu nyumbani kabla ya safari. Video za nyuzi 360 ni nzito, na kijijini mtandao hautoshi. Betri hudumu kama saa mbili, kwa hiyo beba pawabenki, na paneli ndogo ya sola kama unalala huko. Akaunti ya miwani pia ifungue na kuijaribu mapema: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na ingawa Quest haidai tena akaunti ya Facebook tangu 2022, mashine za zamani zilizonunuliwa mkononi zinaweza kukusumbua.

Mnasimulia kwa lugha gani?

Ya mahali pale, ikiwezekana kwa sauti ya mtu wa pale. Kiswahili tunakitumia kwenye kambi za wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, mipakani, na penye mchanganyiko wa makabila. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shule za msingi na sekondari, lakini maudhui ya kidijitali kwa Kiswahili yenye kuhusu Uganda ni machache mno. Walimu wenzangu, tusaidieni kuandika.

Shule yetu inataka kuanza. Tufanye nini?

Msinunue miwani kwanza. Azimeni au kodini jozi moja, jaribuni na walimu watatu. Chagueni mahali pamoja penye bustani au msitu ambao watoto wanaweza kuufikia kwa miguu au kwa taksi moja. Wapeni miwani siku ya Ijumaa waone mahali hapo, waandike maswali matano kila mmoja. Jumatatu wapelekeni wenyewe, na madaftari yao, wakatafute majibu. Bebeni maji ya kunywa, na mtoto mmoja awe na kazi ya kuhesabu wenzake kila mnapovuka barabara.